Umeme ulirudi taa zikawaka kupita kiasi, sasa kompyuta ya steshenari haiwaki kabisa

MamaSteshenari_Mazimbu, Jumanne saa 4:10 usiku

Habari za usiku wakuu. Nahangaika nayo tangu jioni, nimeona bora niulize kabla sijaharibu zaidi.

Nina steshenari ndogo hapa Mazimbu, Morogoro, jirani na kampasi ya Solomon Mahlangu ya SUA. Jengo letu lina fremu sita, mimi niko ya tatu. Nachapa, natoa fotokopi, nafanya laminesheni, nawasaidia watu kujaza maombi ya mtandaoni. Kompyuta inayonilisha ni Dell OptiPlex 7010, ile ya boksi refu la kusimama. Niliinunua mtumba miaka minne iliyopita na haijawahi kunisumbua hata siku moja.

Leo umeme ulikatika saa kumi jioni. Printa na monita nilizizima ukutani. Kompyuta ina soketi yake peke yake, nikaiacha hivyo hivyo kwa sababu ilikuwa imeshazimika yenyewe, nikaona haina neno. Umeme ulirudi saa moja kasoro, na haukurudi kama siku zote. Taa zangu mbili ziliwaka nyeupe kali ya kuumiza macho, feni ya dari ikazunguka kama inataka kung'oka. Ni sekunde tatu au nne tu, taa moja ikalia pa! ikafa. Ukakatika tena. Baada ya dakika kumi ukarudi, taa iliyobaki ikawaka vizuri.

Tangu hapo kompyuta ni kama jiwe. Nikibonyeza kitufe hakiwaki, feni haigusi, hakuna mlio wowote. Monita inawaka lakini inaandika kwamba haipati picha. Nyuma ya boksi, pale waya wa umeme unapoingia, kuna harufu kama ya soli ya kiatu iliyoungua. Nimebadilisha waya kwa kuchukua ule wa monita, hola. Nimehamia soketi nyingine, hola.

Majirani nao wana yao. Fundi cherehani wa fremu ya nne redio yake imeungua. Lakini dada wa saluni, fremu ya pili, anasema kwake muda ule ule taa zilikuwa hafifu kama mshumaa, na hakuna kilichoharibika.

Nimeshaongea na mafundi wawili kwa simu. Wa kwanza anasema madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa, ninunue kompyuta nyingine, na boksi hili atanipa Sh 30,000. Wa pili anasema ni pawasapulai, kile kiboksi cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani, nitume Sh 45,000 aje nayo kesho asubuhi aifunge. Simjui hata mmoja vizuri.

Kinachonikosesha usingizi si kompyuta yenyewe, ni vilivyomo. Kuna kazi za wanafunzi kumi na mmoja wanaokusanya Ijumaa. Mmoja tasnifu yake yote iko humu tu. Flashi yake iliingia virusi wiki iliyopita, na mimi ndiye niliyemwambia, "Acha hapa kwangu, patakuwa salama." Bado sijampigia simu.

Nianzie wapi? Na je, kazi zilizomo zimepona?

kijana_wa_Kihonda, Jumanne saa 4:26 usiku

Pole sana dada. Jaribu hili kwanza maana ni la bure. Chomoa waya wa umeme kabisa, chomoa na vitu vyote vya nyuma, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 30. Rudisha waya wa umeme peke yake, uwashe. Umeme ukikatika vibaya, wakati mwingine chaji inabaki kwenye madabodi na mashine inagoma mpaka itolewe. Yangu ilipona hivyo mwaka jana.

Angalia pia fyuzi iliyomo ndani ya plagi, kama ni ile ya miguu mitatu bapa.

MamaSteshenari_Mazimbu, Jumanne saa 4:48 usiku

Asante kaka. Nimefanya yote mawili. Waya wa monita ninaoutumia ni mzima, kwa hiyo fyuzi yake nayo ni nzima. Sekunde 30 nimehesabu mara mbili. Kimya.

FundiNyakato, Jumanne saa 5:15 usiku

Dada, kabla ya yote: chomoa hiyo kompyuta ukutani na usichomeke kitu kingine chenye thamani kwenye soketi za fremu yako mpaka kesho. Na usitume Sh 45,000 usiku huu. Huyo fundi wa pili huenda yuko sahihi kuhusu pawasapulai, lakini akiifunga kesho asubuhi kuna uwezekano mkubwa ukaiunguza na hiyo mpya.

Nasema hivyo kwa sababu ya sentensi yako moja, ile ya saluni. Kwako taa kali, kwake taa hafifu, muda ule ule, jengo moja. Hiyo ni nyutro.

Nikueleze, maana ukielewa hili hata fundi yeyote akija utajua anachofanya. Umeme unaingia mtaani kwa nyaya nne, fezi tatu zinazoleta umeme na nyutro moja ya kuurudisha. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 230. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Fremu zenu sita zimegawanywa kwenye hizo fezi, zote zikirudishia kwenye nyutro ile ile. Nyutro ikiwa imara, kila mtu anapata 230 zake na hamna habari na jirani. Ikikatika au ikilegea upande wa nguzo, mnabaki mnagawana zile 400 kwa kuvutana. Mwenye matumizi makubwa anapata volti chache, mwenye matumizi madogo anabebeshwa zilizobaki. Saluni umeme uliporudi bila shaka drayeri zilikuwa zimeachwa zimewashwa. Wewe ulikuwa na taa mbili, feni, na kompyuta iliyotulia. Na fundi cherehani redio tu. Angalia nani kaunguliwa.

Sasa kwa nini harufu iko pale waya unapoingia. Ndani ya pawasapulai, mlangoni kabisa, kuna fyuzi, na kwenye nyingi kuna kidude cha duara kinaitwa varista. Volti ikipita kiasi, varista inafungua njia, mkondo mkubwa unapita hapo na fyuzi inakatika. Inaungua yenyewe ili kilicho nyuma yake kisiguswe. Ndiyo maana nakwambia usikate tamaa na madabodi wala diski. Pawasapulai ikifia upande huu wa kuingilia, mara nyingi zile volti 12 na volti 5 zinazokwenda ndani hazikupanda, zilikata tu. Siwezi kukuapia, ila ningekuwa mimi ningelala.

Kuhakiki pawasapulai bila kufungua chochote: kwenye 7010 ya boksi refu, nyuma karibu na tundu la waya wa umeme, kuna kitufe kidogo sana na kitaa pembeni yake. Soketi ikishathibitishwa kuwa salama, chomeka umeme, bonyeza hicho kitufe. Kitaa cha kijani kikiwaka, pawasapulai ina uhai. Kisipowaka, chomoa nyaya zake zote zinazokwenda kwenye madabodi na diski, bonyeza tena. Bado kimya? Hiyo imekufa, na hakuna wa kukubabaisha.

Usiifungue hiyo pawasapulai, na usimruhusu mtoto wa jirani "anayejua umeme" aifungue. Volti 230 zikishageuzwa mle ndani zinakuwa kama 325 za mkondo mnyoofu, na kapasita inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa. Nimeshuhudia mwenzangu akirushwa ukutani.

Kesho asubuhi mtafute fundi umeme wa nyumba mwenye mita, apime soketi yako. Kupima mara moja hakutoshi. Aache mita imechomekwa, kisha mwombe dada wa saluni awashe drayeri. Umeme wa kwako ukishuka kidogo au usipotikisika, sawa. Lakini UKIPANDA yeye anapowasha, nyutro ni mbovu bado, hata kama mita inasoma 230 vizuri drayeri ikiwa imezimwa. Ukiona hivyo, ripoti kwa shirika la umeme hapo hapo na useme neno "nyutro", usiseme "umeme unasumbua". Uzito wake ni tofauti.

Kuhusu diski: kesho kabla ya kutengeneza chochote, itoe, ipeleke kwa mtu mwenye kompyuta ya mezani iliyo kwenye umeme salama, aichomeke kama diski ya pili na akunakilie kazi zote. Kwenye boksi lako diski imekaa kwenye fremu ya plastiki ya bluu, inabanwa pembeni na kuvutwa, haihitaji bisibisi. Wasikuuzie ule waya mwembamba wa USB wa diski za laptopu. Diski ya kompyuta ya mezani inataka volti 12 zake, na ule waya hauna. Ukiutumia diski haitazunguka, nawe utadhani imekufa.

Nina sababu ya kusisitiza soketi. Miaka kadhaa iliyopita hapa Nyakato, Mwanza, mama mmoja mwenye duka la vinywaji aliunguza pawasapulai tatu ndani ya wiki moja. Mbili za kwanza nilimuuzia mimi. Nilikuwa nafunga, inawaka, napokea hela, naondoka. Ya tatu ndipo nikakumbuka kwamba kabla ya kompyuta nilikuwa fundi umeme, nikapima ukuta. Zile mbili za kwanza nilimrudishia hela yake.

nakuru_saiba, Jumatano saa 1:20 asubuhi

Pole sana mama. Mimi niko Nakuru, nina saiba ya mashine nane. Fundi amesema yote, mimi naongeza moja tu kuhusu huyo mwanafunzi. Mpigie simu leo asubuhi, usingoje ujue kama diski imepona. Mwambie ukweli kwamba mashine haiwaki na unakwenda kunakili. Labda ana rasimu kwa barua pepe ya mwalimu wake. Mwaka juzi nilinyamaza siku mbili nikitumaini, na kumbe mteja alikuwa na nakala kwa simu muda wote. Tuliteseka wote wawili bure.

MamaSteshenari_Mazimbu, Jumatano saa 3:30 usiku

Wakuu, nina mengi ya kuwaambia.

Fundi umeme alikuja saa mbili. Alichomeka mita, ikasoma 234. Akaniambia, "Mama, umeme wako safi." Nikamwambia subiri, nikaenda saluni kuomba drayeri iwashwe. Mita ikapanda mpaka 251. Drayeri ya pili ikawashwa, 266. Zikazimwa, ikarudi 234. Yule fundi alinyamaza, akairudia mwenyewe mara tatu. Akatuambia wote sita tuzime swichi kubwa.

Tuliripoti, na nilisema neno nyutro kama ulivyonielekeza. Mafundi wa shirika walifika saa saba mchana, wakapanda nguzo. Kiungio cha nyutro ya jengo letu kilikuwa kimeungua mpaka cheusi, waya umeshikiliwa na nyuzi chache. Wamekata, wamefunga kipya. Baada ya hapo drayeri mbili zikiwashwa kwangu mita inatikisika volti moja tu.

Kitaa cha nyuma ya kompyuta hakikuwaka, hata baada ya kuchomoa nyaya zote ndani. Kwa hiyo pawasapulai imekufa.

Na diski. Niliibeba kwenye taulo mapajani kwenye bodaboda mpaka Msamvu, kwa kaka mmoja mwenye duka la kompyuta. Akaichomeka kwenye mashine yake. Ilizunguka. Mafolda yote yakatokea. Nililia pale dukani kwake, sioni haya kusema. Tumenakili kila kitu kwenye diski nyingine ya nje, na tasnifu nimemtumia mwenyewe kwa barua pepe nikiwa pale pale.

Nakuru, nilimpigia asubuhi kama ulivyosema. Kwake alikuwa na sura mbili tu za kwanza. Alinyamaza sana kwenye simu. Saa tisa nilipompigia tena kumwambia imepatikana hakuweza kuongea, akampa simu mwenzake.

Huyo kaka wa Msamvu ana pawasapulai ya mtumba, Sh 35,000, si ya Dell. Ina plagi kubwa ya matundu 24. Itafaa?

FundiNyakato, Jumatano saa 3:52 usiku

Alhamdulillah. Drayeri mbili mpaka 266, na hapo kiungio bado kilikuwa kimeshika. Fikiria kilipoachia.

Ndiyo, itafaa. 7010 ya boksi refu inatumia plagi ya matundu 24 ya kawaida, pamoja na ile ndogo ya matundu manne ya prosesa. Wengine wakisoma hapa waangalie: matoleo yaliyofuata kama 3020, 7020 na 9020 yana plagi ya matundu 8 ya kwao wenyewe, bila kiunganishi maalumu haiingii. Ya kwako ya asili ni ya wati 275, kwa hiyo chochote cha 300 kinatosha.

Kitu kimoja kwenye pawasapulai za mtumba. Angalia nyuma kama kuna swichi nyekundu ya 115 na 230. Ikiwa iko 115, ukichomeka tu imelia. Isogeze 230 kwanza.

MamaSteshenari_Mazimbu, Alhamisi saa 6:40 mchana

Imewaka! Halafu imeniletea jingine.

Swichi nyekundu ilikuwepo na ilikuwa 230. Nimefunga, feni zikazunguka, picha ikaja. Maandishi meupe yakasema saa haijawekwa na mipangilio si sahihi, nibonyeze F1 kuendelea. Nikabonyeza. Alama ya Windows ikatokea, vidoti vikazunguka kidogo, kisha skrini ya bluu yenye uso wa huzuni na maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Inajiwasha upya, inarudia. Mara ya tatu ikasema inajirekebisha, ikashindwa.

Diski ni ile ile iliyofunguka vizuri jana. Kaka wa Msamvu anasema niweke Windows upya. Nina printa mbili na programu ya kukatia picha za pasipoti ambayo sina tena sidii yake. Naomba msaada kabla sijamkubalia.

MzeeWaDarajani, Alhamisi saa 7:25 mchana

Assalaam aleykum bibie. Usiweke Windows upya. Windows yako nzima, imepotezewa njia tu.

Mie nimetengeneza kompyuta hapa Unguja miaka mingi, na kisa chako nimekiona mara nyingi mno. Mwaka 2008, kuanzia Mei hadi Juni, Unguja tulikaa karibu mwezi mzima bila umeme, waya wa baharini ulipopata hitilafu. Kisha tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Umeme uliporudi watu walipanga foleni dukani kwetu na maboksi mikononi. Wote wanadhani zimeungua. Nyingi hazikuwa na kitu ila betri ya saa.

Ndani, juu ya madabodi, kuna betri ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Ndiyo inayoshika saa na mipangilio kompyuta ikiwa haina umeme. Lakini kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata ukiwa umeizima, pawasapulai huitunza hiyo saa yenyewe na betri hupumzika. Kwa hiyo betri huweza kufa zamani sana usijue, maana hujawahi kuichomoa kompyuta siku mbili mfululizo. Juzi pawasapulai ilipokufa, kazi yote iliangukia betri, nayo haina kitu. Mipangilio ikarudi ya kiwandani.

Na mashine za namna hii zikirudi mipangilio ya kiwandani, mara nyingi upande wa diski hujiweka kwenye RAID, namna moja ya kompyuta kuongea na diski. Aliyekuwekea Windows hapo mwanzo bila shaka aliiweka kwenye AHCI, namna nyingine, maana ndivyo tufanyavyo wengi. Windows inaamka, inaitafuta diski kwa njia iliyozoea, haioni, inaanguka. Diski ipo na kazi zimo.

Basi fanya hivi kwa taratibu. Chomoa umeme. Badilisha betri, hata duka la saa utaipata, maandishi ya kujumlisha yaelekee juu. Washa, gonga F2 mpaka uingie kwenye mipangilio. Weka tarehe na saa, na mwaka uutazame vizuri. Kisha ingia System Configuration, halafu SATA Operation. Kabla hujagusa, andika kwenye karatasi ilivyo sasa. Ukikuta RAID On, chagua AHCI, hifadhi, toka. Ikikataa, hujaharibu kitu, rudisha ulivyoandika utwambie.

Tarehe usiipuuze. Ikiwa nyuma, tovuti zitakwambia si salama na hazitafunguka, nawe kazi yako ni maombi ya watu. Utakuja kulaumu intaneti bure.

MamaSteshenari_Mazimbu, Alhamisi saa 9:05 alasiri

Waaleykum salaam mzee wangu. Ilikuwa RAID On, nimeweka AHCI. Imewaka mpaka mwisho, na picha ya wanangu imekuja kwenye skrini kama nilivyoiacha Jumanne. Betri ya zamani nimempelekea kijana wa saa aipime: volti 1.9. Mpya nimenunua Sh 2,000.

Sh 2,000! Na nilikuwa naelekea kufuta kila kitu.

Nimefungua duka hapa hapa. Wanafunzi wako mlangoni.

kijana_wa_Kihonda, Alhamisi saa 9:30 alasiri

Dada hongera sana. Nimejifunza, nami ni mtu wa kushika kitufe sekunde 30 tu. Nitapita kuona hiyo mashine.

nakuru_saiba, Alhamisi saa 2:15 usiku

Hongera mama. Kwa vile umeingia kwenye mipangilio leo, rudi tena kabla hujasahau. Kuna sehemu ya Power Management, ndani yake AC Recovery. Iache kwenye Power Off. Maana yake stima ikirudi, mashine ibaki imezima mpaka wewe uibonyeze. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi yote ya Kenya, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukawa giza, mashine zangu tano nilikuwa nimeziweka zijiwashe zenyewe. Kwetu stima ilirudi ikapotea mara tatu kabla ya kutulia. Kila ikirudi zinawaka, kila ikipotea zinakatwa Windows ikiwa katikati ya kufunguka. Mbili zilikataa kuwaka asubuhi. Zile tatu nilizokuwa nimeziacha kwenye Power Off hazikuwa na shida yoyote.

UPS, lile boksi la betri la kushikilia stima ikipotea, ukinunua, ya VA 650 inatosha kompyuta na monita, inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Haikuwekei duka wazi. Printa ya leza USIICHOMEKE hapo kamwe. Ile inachemsha wino ushike karatasi, na kichemshi kikiwaka kinavuta umeme mwingi kwa ghafla kuliko uwezo wa UPS ndogo. Utasikia inalia na kuzima kila kitu, pamoja na kazi uliyotaka kuilinda. Betri yake nayo hufa baada ya miaka michache, kwa hiyo kila mwezi chomoa UPS ukutani mchana, mteja akiwa hayupo, uone inashika dakika ngapi.

FundiNyakato, Alhamisi saa 2:40 usiku

Nakubaliana na Nakuru. Ila UPS si ya kuzuia nyutro, na ya bei nafuu ukiipa volti 350 nayo inakufa. Kabla ya UPS weka gadi, kama zile za friji. Volti zikipanda au kushuka kupita kiasi inakata, na umeme ukirudi inasubiri dakika chache ndipo ipitishe. Zile sekunde nne zako za Jumanne zingepita kompyuta ikiwa haijaguswa.

Kama hela haitoshi kwa vyote, anza na gadi. Na kama haitoshi hata kwa gadi, swichi ya ukutani ni bure. Printa na monita ulizizima ukutani, na zote ziko hai.

MamaSteshenari_Mazimbu, Jumapili saa 11:20 jioni

Nimerudi kuwapa taarifa, maana naona watu wengine wanasoma.

Wanafunzi wote kumi na mmoja walikusanya Ijumaa. Yule wa tasnifu alikuja kuchapa nakala nne na kuzijalidi, sikumchaji. Tasnifu yake sasa iko sehemu tatu: kwenye barua pepe yake, kwenye flashi mpya, na kwangu. Kila mteja anayeacha kazi siku hizi namtumia nakala kabla hajatoka mlangoni, na asiye na barua pepe namtumia kwa WhatsApp.

Gadi nimenunua jana. UPS bado, mwezi ujao Mungu akijalia. AC Recovery iko Power Off. Fundi cherehani nimemsomea maelezo ya nyutro hapa hapa kwenye simu, sentensi kwa sentensi, naye ameyarudia kwa mwenye jengo. Mwenye jengo amekubali fundi umeme apite fremu zote sita kukaza viungio vya ndani wiki hii.

Fundi wa Nyakato, nimenunua mita ndogo. Nimepima leo asubuhi kama ulivyonifundisha: 231. Drayeri zote mbili za saluni zikiwaka, 230. Nimeyaandika nyuma ya daftari la mauzo, na tarehe.